Ukiandika “Send Me”, Umejituma Mwenyewe

Muuza kava za simu wa Mtaa wa Aggrey alinionyesha ujumbe jioni moja kabla hatujaanza darasa. Alikuwa amemwandikia Mchina wake wa Guangzhou: “I paid the balance. Please send me.” Jibu likaja: “Send you where?” Uso ulikuwa umemkunjamana. Pesa kalipa yote, mzigo hajauona, halafu anaulizwa apelekwe wapi. Akaniuliza, “Mwalimu, huyu ananifanyia makusudi?”

Hapana, alisoma alichoandikiwa. “Send me” ni nitume: nipe kazi, nielekeze pa kwenda, kama unavyomtuma kijana wa dukani akavunje noti kwa jirani. Jamaa alitaka kusema nitumie. Kwetu tofauti ya nitume na nitumie ni irabu moja tu katikati ya neno, na mtoto wa chekechea haikosei. Kiingereza hakina irabu hiyo. Kina vijineno vinavyosimama nje ya kitenzi, na usipoviweka maana inahama: “Send it to me.” Kilichomkosesha jamaa ni “it” na “to”, herufi nne jumla yake.

Ninafundisha Kiingereza cha jioni hapa Kariakoo. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa fremu na stoo, wanaowauzia Wazambia na Wamalawi na kuagiza China. Msamiati wanao: rangi, saizi, bei, tarehe, majina ya bidhaa zao zote. Kinachowaangusha ni pale kitenzi kinapokutana na mimi, wewe, yeye na vile vijineno. Mwongozo huu ni wa hapo tu. Usiumalize kwa mkupuo mmoja. Ukikutana na kosa lako, simama, fungua simu, tafuta ujumbe ulioutuma wiki iliyopita ukiwa nalo, uandike upya.

Kitenzi chetu ni kuli

Lipasue neno nimekutumia. Ni- ni mimi, -me- inasema jambo limeshafanyika, -ku- ni wewe, -tum- ndilo tendo, -i- inalielekeza tendo kwako, na -a inafunga. Mwingereza kwa hayo hayo anahitaji maneno sita: “I have sent it to you.” Kitenzi cha Kiswahili kinabeba kila kitu mgongoni kama kuli anayeshusha kontena Mtaa wa Mchikichi. Na sisi wa hapa mambo ya kubeba tunayajua, maana hata jina la mahali petu ni la wabeba mizigo. Waingereza walipouteka mji huu wa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa eneo hili, na midomo ya wenyeji ikayafunga yale maneno mawili kuwa Kariakoo. Nairobi wanayo Kariokor yao, kwa sababu ileile.

Kitenzi cha Kiingereza kinatembea mikono mitupu. “Send” ni “send”, uwe umetuma mtu, mzigo au salamu. Nani kampelekea nani, kwa faida ya nani, kutoka wapi: yote hayo yamepangwa nje ya kitenzi, na nafasi ya kila neno ndiyo inayoamua maana. Zamani sana Kiingereza nacho kilikuwa na viishio vya kuonyesha nani katenda na nani katendewa. Vikapukutika kidogo kidogo, na baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 vikazidi kupukutika, mpaka kazi yao ikachukuliwa na vihusishi na mpangilio wa maneno. Ndiyo maana kinakung'ang'aniza mpangilio: hakina kingine cha kushikilia.

Kosa linazaliwa unapomtwisha huyu mwenye mikono mitupu mzigo wa kuli wetu. Unasema “send me” ukidhani ile -i- imo ndani. Haimo.

Niuze, nipike, nipunguze

Anza na hili: mtu akikaa ubavuni mwa kitenzi, kitu kifuate papo hapo. “Send me the photos.” “Show me the blue one.” “Sell me two dozen.” Zote safi. Kikate kitu kilicho mwishoni, na mtu mwenyewe anageuka bidhaa. “Sell me” ni niuze. “Buy me” ni ninunue. Mteja anayemwambia mama lishe “Cook me” anaomba kutiwa sufuriani.

Kiswahili kinakuruhusu kukiacha kitu kwa sababu mnakijua wote, mmekizungumza tangu asubuhi. Kiingereza hakikiachi. Mkishakijua, kinapungua na kuwa “it” kikiwa kimoja au “them” vikiwa vingi, lakini lazima kiwepo. Ule ujumbe wetu maarufu wa “I have received” unamwacha msomaji akingoja: umepokea nini? Malizia: “I have received it.” Hali kadhalika “I've brought them”, “I've seen it”, “I'll check it”. Hapa una nafuu usiyoijua. Umezoea kuchagua kati ya nimekileta, nimevileta, nimeuleta, nimeyaleta, nimezileta, na huchanganyi. Mwenzako ana viwili tu. Taabu iko kwa watu, kwa sababu m- yetu haijali jinsia. Ukisema nimemwambia, Kiingereza kitakuuliza ni “him” au “her”. Mama wa Lilongwe anayenunua vitenge marobota kumi kwako ukimwita “him” mbele ya dalali, mara ya kwanza atacheka.

Viko vitenzi vichache ambavyo mtu anakaa peke yake bila tatizo: “Tell me”, “Ask me”, “Show me”, “Pay me”, “Call me”. Hivyo vimeze kama vilivyo. Mtu anayeandika “Call to me” kwa maana ya nipigie anaongeza chumvi kwenye chai.

Hili la pili linafuatana na la kwanza. Kitu kikiwa “it” au “them”, kinatangulia, na mtu anakuja nyuma na kijineno chake: “Send it to me.” “Show them to her.” “Send me it” utaisikia kwa Waingereza wenyewe, ila wewe shika ile ya kwanza, haitakuangusha popote. Sababu ni tabia moja ya Kiingereza inayofaa kuijua mapema: kinapenda kilicho chepesi na kinachojulikana kikae jirani na kitenzi, na kilicho kizito au kipya kikae mwisho. “The red ones with the long zip” ni mzigo mzito, uache nyuma: “Show me the red ones with the long zip.” “It” ni unyoya, usiuache mwisho peke yake. Tabia hii tutakutana nayo tena.

Sasa nipunguzie, neno linalotamkwa Kariakoo zaidi ya jina la mtu yeyote. “Reduce me” ni nipunguze, utadhani unaomba dawa ya unene. “Reduce me the price” bado mbovu, kwa sababu “reduce” si miongoni mwa vitenzi vinavyokubali mtu ubavuni. “Reduce the price for me” inakubalika. Lakini wenye lugha kwa kawaida husema “Can you bring the price down?” au “Can you give me a better price?” Mzambia aliyezoea soko atakuambia “Can you do it for forty?” akimaanisha utaiuza kwa arobaini. Usitafute nini kinachofanywa. Hiyo “last price” yetu, ambayo ni bei ya mwisho iliyovalishwa suti, inaeleweka sokoni kote huku, na mimi siikatazi. Kwenye barua ya oda andika “best price”.

Rafiki zake “reduce” ni hawa: “explain”, “describe”, “suggest”, “announce”, “deliver”. Haya ni maneno yaliyoingia Uingereza kutoka Kilatini na Kifaransa, yana adabu za kigeni, hayakubali kukaa mtu begani. Nieleze si “Explain me”, ni “Explain it to me”. Tupendekezee si “Suggest us”, ni “Suggest something to us”. Wanaokubali ni wale wafupi wa nyumbani: “give”, “send”, “show”, “sell”, “lend”, “bring”, “tell”. Kanuni hiyo ina wasaliti. “Say” ni fupi na la nyumbani, na halikubali: aliniambia ni “He told me” au “He said to me”, kamwe si “He said me”. “Promise” limetoka Kilatini, na linakubali: “He promised me a discount.” Wasaliti ni wachache, utawazoea kwa nyuso.

Herufi moja yetu, vijineno viwili vyao

Ile -i- ya kauli ya kutendea, ambayo kwenye maneno mengine ni -e- au -li- au -le-, inafanya kazi nyingi, na hapa ndipo wanafunzi wangu wanaposhindwa zaidi. Nimekuuzia, nimekununulia. Kwetu viambishi ni vilevile. Kwa Kiingereza cha kwanza ni “I sold it to you”, cha pili “I bought it for you”. Wakati gani “to”, wakati gani “for”?

Jiulize swali moja: tendo lenyewe limekifikisha kitu kwa mtu, au mtu amefanyiwa kazi tu? Nikikuuzia, kitu kimetoka kwangu kimekuja kwako. Hakuna kuuza bila anayepokea. Hivyo “to”. Ndivyo ilivyo kwa kutuma, kupa, kuonyesha, kukopesha, kulipa. Nikikununulia, nimefanya kazi kwa niaba yako, na kitu bado kiko stoo kwangu Gerezani, pengine hujakiona. Hivyo “for”. Ndivyo ilivyo kwa kutafuta, kuchagua, kutengeneza, kuagiza, kuhifadhi: “I found it for you”, “I chose them for you”, “I ordered it for you”, “I kept it for you”. Ukichanganya hapa unaweza kuanzisha ugomvi wa kweli. Mteja wa Ndola aliyeandikiwa “I sent it for you” hajui kama mzigo umepanda basi kwenda kwake au umeutuma mahali pengine kwa niaba yake. Atakupigia simu usiku.

Neno zuri la kujipimia ni nimekuandikia. Kama ni barua iliyokuja kwako, “I wrote to you”. Kama wewe umevunjika mkono nikakujazia fomu, “I wrote it for you”. Kiswahili kinakuacha ukisie kutokana na mazungumzo, na wala hatuoni kero. Tusiwacheke Wachina, basi: hata sisi tuna nitumie ambayo yaweza kuwa niletee kwa basi au nifanye chombo chako cha kazi.

Kuna lingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Kauli yetu hiyohiyo inaweza kubeba hasara. Simu imenizimikia. Gari limetuharibikia Chalinze. Hapa hakuna aliyefanyiwa hisani. Kiingereza cha mazungumzo kina kijineno chake cha msiba, “on”: “The phone died on me.” “The truck broke down on us at Chalinze.” Kitumie kwa mambo madogo tu, kina mzaha ndani yake. Mfanyabiashara ambaye mali yake iliteketea Soko Kuu lilipoungua Julai 2021 ana haki ya kusema mali imeniungulia, na kila Mswahili ataelewa uzito wake. Akisema “My goods burned on me”, msikilizaji atafikiri nguo zilishika moto zikiwa mwilini. Aseme “I lost my goods in the fire.” Pengine tafsiri ya neno kwa neno haipo, na ni afadhali kujua hivyo kuliko kulazimisha.

Wizi nao una utaratibu wake. Nimeibiwa, watu wengi huniambia “I was stolen”, yaani niliibwa mimi mzima, na kiatu na kofia. “Steal” hushika kitu, “rob” humshika mtu. “They stole my phone.” “They stole it from me.” “They robbed me.” Na kama unaanza na wewe mwenyewe: “I was robbed.”

Kukimbia na kukimbilia

Machinga wa Mtaa wa Kongo anawakimbia mgambo. Mwenye duka aliyevunjiwa kioo anawakimbilia. Mgambo walewale, mbio zilezile, na silabi moja inageuza uelekeo. Kiingereza kitenzi hakibadiliki, kinachogeuka ni kijineno: “He is running from them”, “He is running to them.” Mshirika aliyenigeukia kuniomba ushauri ni “He turned to me”. Aliyenigeuka na kuondoka na mtaji ni “He turned against me”. Ukiyaona haya mawili pamoja unaelewa mpango mzima: sisi uelekeo tunauficha ndani ya kitenzi, wao wanauning'iniza nje.

Ndiyo sababu sokoni kwetu linatosha neno moja. Niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Ile -ni haijali, kwa sababu kitenzi kimeshasema. Kiingereza kitadai “at the market”, “to the market”, “from the market”.

Na lile neno kwa? Tazama sentensi ya kawaida kabisa: Mzigo huu nimeununua kwa Mchina kwa dola elfu mbili kwa simu. Kwa tatu, na wala huoni ajabu. Sasa: “I bought these goods from a Chinese supplier for two thousand dollars by phone.” Kila kwa imekuwa neno lake. Bado hujakata kamba kwa mkasi, “with scissors”, wala hujalipa kwa dola, “in dollars”, au kwa fedha taslimu, “in cash”. Mwanafunzi anayejifunza kwamba kwa ni “for” amejifunza robo, na robo hii inamtia hatarini: “I bought it for the Chinese” ni kumnunulia Mchina. Usitafsiri kwa. Jiulize kwanza inafanya kazi gani pale: chanzo, bei, njia au chombo.

Hapa nitapita haraka kwenye vile vinavyokaririwa tu. Nisubiri ni “Wait for me”. Nisikilize ni “Listen to me”. Niangalie ni “Look at me”. Kuna vinavyokataa kijineno ingawa mdomo wetu unakitaka: “discuss it”, “contact me”, “answer me”, “enter the shop”. “Discuss about” utaisikia Dar, Nairobi na Kampala, hata kwa wenye digrii mbili, na dukani haitakupotezea mteja. Kwenye maombi ya zabuni itakupotezea alama. Kulipa na kulipia ndiyo zawadi pekee: zinalingana kama sahani na kawa. Namlipa wakala, “I pay the agent”. Nalipia mzigo, “I pay for the goods”. Laiti vyote vingekuwa hivyo.

Kijineno kinachopigwa na kisichopigwa

Mteja anataka kujaribu kiatu. Unamwambia “Try it on” au “Try on it”? Ya kwanza. Anatafuta saizi. “Look for it” au “Look it for”? Ya kwanza pia. Sasa kwa nini “it” moja imo katikati na nyingine iko mwisho?

“On” ya “try on” ni sehemu ya kitenzi chenyewe, imeachana nacho kwa mwili tu, kama mkokoteni na msukumaji wake. “For” ya “look for” ni mali ya kile kinachotafutwa. Kwenye aina ya kwanza, ukiwa na jina kamili unaweza kuliweka popote: “Try on the shoes”, “Try the shoes on”. Ukiwa na kiwakilishi, kiingie katikati, na sababu ni ileile ya unyoya niliyoisema: chepesi kikae jirani na kitenzi. “Pick it up.” “Send them back.” “Write it down.” “Wrap them up.” “Put it back.” Anayesema “Pick up it” ameuacha unyoya ukining'inia.

Unazitofautishaje bila kuuliza mwalimu? Tumia sikio. Mwambie mtu anayekijua vizuri atamke, au sikiliza filamu. Kwenye “pick it UP” sauti inapanda kwenye kijineno, kinagongwa. Kwenye “LOOK for it” kinachogongwa ni kitenzi, na “for” inamezwa karibu isikike “fa”. Kinachogongwa hukaa mwisho na kuacha “it” iingie katikati. Kinachomezwa hakitenganishwi na kitu chake. Nimelijaribu hili na wauza spea wa Gerezani ambao hawajui maana ya neno kihusishi, na wanapatia kuliko waliosoma.

Kitu kikishatajwa kisirudi

Mzigo uliouagiza umefika. Angalia hapo ndani: ule -u- wa pili ndio mzigo wenyewe, umerudiwa, na kwetu ni ufasaha. Ukiuhamisha unapata “The goods that you ordered them have arrived”, kosa ambalo hata mimi liliniganda mpaka chuo. Kiingereza kinasema “The goods you ordered have arrived.” Kitu kimeshasimama mbele, hakirudi nyuma. Lakini kijineno chake kinabaki, kikining'inia mwishoni bila mtu: “the agent I sent them to”, “the shop I bought it from”, “the price we agreed on”. Kwenye “the agent I sent them to”, “them” ni mzigo, umebaki kwa haki yake. Aliyetoweka ni “him”, kwa sababu wakala yuko mbele. Geuza uone: “the goods I sent to him”. Sasa wakala yupo, mzigo umetoweka.

Sekondari tulikatazwa kumalizia sentensi na kihusishi, na kuna aliyechapwa kwa hilo. Wenye lugha wanafanya hivyo kila siku, na ujumbe wa biashara unaoandikwa “the agent to whom I sent them” unamfanya muuza kava aonekane wakili.

Kamusi ya kununua

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 itakupa maana, nawe unaihitaji. Kwa ubishi wa “to” na “for”, tafuta pia kamusi ya wanafunzi ya Oxford, ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby. Huyu alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani, na aliona wanafunzi wake wakiwa na tabu hii hii yetu: maneno wanayo, viungo hawana. Kamusi yake ilitoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapa 1948. Ndani yake kila kitenzi kimeandikiwa kinavyokaa na wenzake. Utakuta “explain sth to sb”. Watu hupita juu ya hizo herufi wakidhani ni uchafu wa mashine. “Sth” ni kitu, “sb” ni mtu. Ukikuta “sb” imekaa ubavuni mwa kitenzi, mtu anaruhusiwa hapo. Ukiikuta nyuma ya “to” tu, basi haruhusiwi. Toleo la zamani la mitumba, kwa wauza vitabu wa barabarani mjini, linatosha kabisa. Vitenzi havijahama.

Turudi Aggrey. Tulikaa na jamaa tukauandika ujumbe wake upya, herufi kwa herufi, wenzake wakichungulia begani: “Hi, I paid the balance this morning. Please send the cartons to my agent in Guangzhou, and send me a photo of them first. If he asks for the packing list, give it to him. When he picks them up, let me know.” Alibishana nami juu ya “picks them up” kwa dakika tano, alitaka “picks up them”, mpaka mwenzake akaigonga kwa sauti na wote wakasikia. Akaituma. Alama mbili za buluu zikatokea palepale, na jibu likaja kabla hatujafungua madaftari: “OK my friend, I send you tomorrow.”

Jamaa akalisoma mara mbili, akaninyooshea simu. “Mwalimu, sasa huyu naye ananituma wapi?”